Mguso wa simu: Je, huzuiwa, huzibwa au hukingwa?

Ukiwasikiliza wachuuzi wa omena kule Mbita, Kaunti ya Homa Bay, au wahudumu wa bodaboda mjini Migori wakizungumzia simu zao, hukosi kusikia kauli kama “Nimefinya hapa, ikafungua pengine” au “Hii simu inajifinya.” Aghalabu lawama huelekezwa kwa kioo kilichopasuka au vidole vyenye maji. Hata hivyo, wakati mwingine kosa huwa la mtunzi wa programu: mguso umepenya tabaka la juu la skrini ukatua kwenye tabaka la chini. Makala haya yanaangazia tatizo hilo na kitenzi kinachofaa kulieleza.

Tuanze na kidole. Kubonyeza ni kusukuma kitu kikaingia ndani, mathalani kitufe cha simu ya kabambe. Kufinya, kitenzi kinachopendwa sana katika mazungumzo, asili yake ni kubana kwa vidole. Dholuo nacho hutofautisha mulo, yaani kugusa, na diyo, yaani kubonyeza au kukamua. Kwenye skrini ya kioo hakuna kinachoingia ndani wala kinachobanwa. Simu hutambua tu kwamba kidole kimefika mahali fulani. Kwa hivyo nomino inayofaa ni mguso, hata kama sote tutaendelea kusema “finya hapa.”

Sasa tutazame tabaka zenyewe. Unachokiona kwenye skrini si karatasi moja. Picha, vitufe na visanduku vya maandishi hupangwa kimoja juu ya kingine. Katika mfumo wa Android, kidole kinapogusa mahali ambapo tabaka mbili zimelaliana, lile la juu ndilo huulizwa kwanza: je, mguso huu ni wako? Likijibu ndiyo, safari ya mguso inaishia hapo. Lisipojibu, mguso huendelea hadi kwa lile lililo chini yake.

Chukua mfano wa mchuuzi anayelipia shehena ya omena. Akishagusa kitufe cha kutuma, skrini nzima inafunikwa na utando wa kijivu ulioandikwa “Subiri.” Mtandao unasuasua. Anagusa tena. Iwapo mtunzi alichora utando huo bila kuuagiza upokee miguso, mguso wa pili utaupenya na kukifikia kile kitufe cha chini. Programu isipokuwa na ukaguzi mwingine, malipo yatatumwa mara mbili. Mchuuzi ameona mlango umefungwa, kumbe ni pazia tu.

Je, tuseme utando ulipaswa kufanya nini? Wengi watasema kuuzuia mguso. Si kosa, ila kuzuia hakutuelezi mguso umeishia wapi. Kuziba nako kunahitaji tundu, na hapa hakuna tundu. Kitenzi ninachopendekeza ni kukinga. Mtu hukinga jua kwa mwavuli lisimfikie. Vilevile hukinga maji ya mvua kwa mtungi au pipa chini ya mabati. Katika matumizi ya kwanza kitu kinazuiwa kisipite. Katika ya pili kinapokelewa. Tabaka la juu linatakiwa kufanya yote mawili kwa wakati mmoja: liupokee mguso na kwa kuupokea liunyime njia ya kwenda chini. Kitenzi hicho pia kina ndugu yake, kukingama, yaani kulala mbele ya kitu kikakatiza njia. Kwa hivyo tunaweza kusema: tabaka lililokingama lisipokinga mguso, mguso utapenya.

Kinyume chake ni kupisha. Si kila tabaka linapaswa kukinga. Alama ya maji iliyochorwa juu ya picha, kwa mfano, inafaa ipishe miguso ili mtumiaji aendelee na shughuli zake. Watunzi wanaotumia zana ya Flutter wana nyenzo mbili za namna hii: moja hukinga, nyingine hupisha. Mwanafunzi wa kompyuta akiyashika maneno haya mawili, hatazichanganya.

Kuna wanaoitumia njia hii kwa hila. Programu ya walaghai inaweza kutandaza picha juu ya programu nyingine, ikaandika “Gusa hapa ujipatie zawadi,” kisha ikaupisha mguso wako uende chini kwenye kitufe cha “Kubali” usichokiona. Mnamo 2010, toleo la 2.3 la Android liliwapa watunzi uwezo wa kukataa miguso inayofika wakati dirisha lao limefunikwa. Toleo la 12 la mwaka 2021 lilikwenda mbali zaidi: mfumo wenyewe hukataa mingi ya miguso inayopenya dirisha la programu nyingine. Mwenye simu ya zamani hana kinga hiyo ya pili. Ni vyema afungue mipangilio ya simu, aangalie ni programu zipi zimeruhusiwa kuonekana juu ya nyingine, na aziondolee ruhusa zile asizozijua.

Suala hili lina uzito hata kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu iwe ya wazi, ya hiari na yenye ufahamu. Mguso uliopenya kwenda kwenye kitufe kilichofichwa hauna sifa hata moja kati ya hizo, ijapokuwa kumbukumbu za simu zitaonyesha kwamba mwenyewe “alikubali.”

Mlalamishi anayesema tu “simu ilijifinya” ni rahisi kupuuzwa. Anayesema “niligusa tabaka la juu, halikukinga, mguso ukapenya” ametaja kosa, mahali lilipotokea na anayepaswa kulirekebisha.