Nusu Hekta Inalisha Nani? Hesabu ya Kijijini Manggarai

Huko Manggarai, magharibi mwa kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ardhi ya ukoo iligawanywa kwa vidole. Shamba la pamoja, wanaloliita lingko, lilikuwa duara. Katikati kilisimikwa kigingi, na mzee wa ardhi, tu'a teno, akampimia kila mwenye haki upana wa vidole kadhaa kuanzia pale. Mipaka ikavutwa hadi ukingoni, ikizidi kuachana kadiri inavyokwenda mbali, hata ukiyatazama kutoka juu mashamba hayo ni kama utando wa buibui. Watalii hupanda kilima cha Cancar kuyapiga picha. Mkulima aliyeko chini anajua jambo lisiloonekana kwenye picha: duara haliongezeki, na wanaostahili vidole wanaongezeka.

Hali hiyo si ya Flores peke yake. Sensa ya kilimo ya mwaka 2013 ilikuta Indonesia ina zaidi ya kaya milioni 14 za wakulima wenye ardhi isiyofika nusu hekta. Sensa ya 2023 ikazikuta karibu milioni 17, yaani kaya sita katika kila kumi za wakulima. Basi tuchukue nusu hekta hiyo tuipigie hesabu hadi mwisho.

Mkoa wa Nusa Tenggara Timur, ambamo Manggarai imo, huvuna mpunga kama tani 4 kwa hekta, chini ya wastani wa taifa wa tani 5 na ushei. Nusu hekta basi ni tani 2. Mpunga ukikobolewa, mchele ni kama asilimia 63 ya uzito wake: tuseme kilo 1,250. Mwaka 2025 serikali iliweka bei ya kununulia mchele kuwa rupia 12,000 kwa kilo, ukifikishwa kwenye ghala la Bulog, shirika la umma la chakula. Mkulima wa mlimani ni nadra kuipata bei hiyo, lakini tumpe. Mavuno yake yote yana thamani ya rupia milioni 15. Kwa dola moja sawa na rupia 16,000 hivi, hizo ni kama dola 940 kwa mwaka mzima.

Sasa tuweke watu. Mwezi Machi 2024 ofisi ya takwimu ya Indonesia ilihesabu mstari wa umaskini kuwa rupia 582,932 kwa mtu kwa mwezi, chakula kikiwemo. Kaya ya watu watano inahitaji kama milioni 2.9 ili kuugusa tu mstari huo. Mpunga wa nusu hekta unatoa milioni 1.25 kwa mwezi kabla hujanunua hata punje ya mbolea. Wakipata maji ya kuvuna mara mbili kwa mwaka watafika milioni 2.5, na bado watakuwa chini. Nimeirudia hesabu hii kwa namna kadhaa nikitafuta upenyo, na sijauona: hata mkulima awe hodari kiasi gani, ardhi hii peke yake haimtoi kwenye umaskini.

Tena mchele ule hauuzwi wote. Watu watano wakila kilo 110 kila mmoja kwa mwaka, kilo 550 zinabaki jikoni. Zikiuzwa kilo 700 zilizosalia, zinapatikana rupia 700,000 kwa mwezi, ambazo kwa kila mtu kwa siku hazifiki senti 30 za dola. Humo ndimo inamopaswa kutoka sare ya shule, sabuni, chumvi, nauli ya kwenda kituo cha afya, ujira wa kulimiwa na mbolea. Mbolea yenyewe ina ruzuku: mfuko wa kilo 50 wa urea uliuzwa rupia 112,500 hadi Oktoba 2025, bei ilipopunguzwa hadi 90,000. Ruzuku hiyo inasaidia kweli. Mgao ukiisha, hata hivyo, mfuko wa dukani unagharimu zaidi ya mara mbili.

Pengo linazibwa na mazao ya mlimani: kahawa, kemiri (kokwa zenye mafuta za kiungo cha mapishi), vanila na karafuu. Karafuu asili yake ni Maluku, visiwa vya mashariki mwa Indonesia. Ilifika Zanzibar karne ya 19 ikipitia visiwa vya Bahari ya Hindi, hivyo mchumaji wa Pemba na wa Flores wanauangalia mti mmoja na kuhangaikia mvua ileile wakati wa kuanika. Mzigo unashuka kwa oto kol, lori lililofungwa mabenchi ya mbao, ambamo abiria, magunia na mbuzi husafiri pamoja. Kila kilomita ya barabara mbovu inakatwa kwenye bei ya mkulima, kwa kuwa mnunuzi wa mjini hapandishi bei yake ili afidie mashimo ya njiani.

Kibaya zaidi ni ijon. Mtoto anaugua au ada inadaiwa katika miezi ya ukame, na fedha hakuna. Mfanyabiashara anakuja, anatoa taslimu leo, na analichukua zao likiwa bado ua mtini, kwa bei anayoitaja yeye. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanayajua haya kwa jina la butura. Mkulima ameubeba mwaka mzima wa kazi na wasiwasi wa mvua, na faida ya bei ikipanda inakwenda kwa aliyekuwa na akiba mwezi wa njaa. Wananiudhi wanaosema wakulima hawa hawajui biashara. Wanaijua vizuri, wanauza mapema kwa sababu dawa haingoji mavuno.

Mwilini mwa watoto matokeo yanapimika. Mwaka 2023, watoto walio chini ya miaka mitano wenye udumavu walikuwa asilimia 21.5 Indonesia nzima. Nusa Tenggara Timur walikuwa asilimia 37.9. Vijana, kwa upande wao, wanaondoka: wengi huenda kwenye mashamba ya michikichi ya Kalimantan na ya Sabah, Malaysia, na wanaobaki kulima ni wazee.

Haitakuwa haki kusema serikali imewatupa. Kuanzia 1973, kwa fedha za mafuta, Indonesia ilijenga zaidi ya shule za msingi 61,000 katika miaka kama sita. Esther Duflo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer (huyu wa mwisho akijulikana kwa utafiti wake katika shule za magharibi mwa Kenya), alionyesha kwamba shule hizo ziliwaongezea watoto miaka ya masomo na baadaye mishahara. Umeme wa ruzuku kwa nyumba za daraja la chini kabisa ni rupia 415 kwa uniti. Uniti 30 hazifiki rupia 12,500. Tangu 2015, chini ya Sheria ya Vijiji ya 2014, hazina kuu hutuma fedha moja kwa moja vijijini: rupia trilioni 71 mwaka 2024 kwa vijiji kama 75,000, wastani wa milioni 945 kila kijiji, karibu dola 59,000. Kijiji kinaamua kama ni zege la njia, bomba la maji au posho ya familia maskini ya rupia 300,000 kwa mwezi.

Pamoja na hayo, fedha kubwa zina tabia ya kwenda kwenye vitu vikubwa. Bwawa la Napun Gete, upande wa pili wa Flores katika wilaya ya Sikka, lilizinduliwa Februari 2021 kwa gharama ya rupia bilioni 880 hivi. Linatoa maji ya majumbani, jambo la thamani katika nchi kavu, na limepangiwa kumwagilia hekta 300: nusu hekta kwa familia 600. Gharama hiyo ni mgao wa mwaka mmoja wa vijiji zaidi ya 900. Mimi ningeanza na mifereji midogo na barabara ya oto kol, kisha mfuko wa mkopo wa miezi ya ukame kwa riba ambayo kahawa inaweza kuilipa, kwa sababu hiyo ndiyo miezi ambayo mwenye ijon hupiga hodi.