Busta ya okteni: kabla hujamwaga kichupa kwenye tenki, soma hapa

Leo tuachane kidogo na siasa, tuongee wese. Kila kijiwe chenye kijana mwenye Subaru utakuta stori ya kichupa cha busta ya okteni: mwaga hii kwenye tenki, gari litapaa. Wengine wanamwaga mpaka kwenye Vitz na IST. Hapo ndipo hela inapoliwa bure.

Tuelewane kwanza: okteni SIYO nguvu. Ni namba inayoonyesha petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Pistoni ikipanda inabana hewa na petroli, joto linapanda, halafu plagi inapiga cheche na moto unasambaa kuanzia pale kwenye plagi. Kama petroli haivumilii, ile iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo ukikanyaga mafuta mlimani. Huko ndiko kugonga. (Usichanganye na injini "iliyonoki" ya mafundi wetu, ambapo beringi zimeisha na chuma kinapiga chuma. Hiyo hakuna kichupa kitakachoiponya.)

Namba inapatikana kwa kulinganisha. Isookteni imepewa 100, heptani imepewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wenye isookteni asilimia 95. Basi. Na ukisoma kurasa za Wamarekani usipaniki, wenzetu wanatumia hesabu tofauti: 93 yao inakaribia 98 kwa kipimo cha RON tunachotumia sisi, na 87 yao ni kama 91 au 92.

Sasa tuje nyumbani. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Mbeya ikiingia wilaya ya Kilolo inaanzia Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, mibuyu na vitunguu. Halafu inaparamia Kitonga kuelekea Ilula kwa wakulima wa nyanya. Ukitaka kujua kama injini yako inagonga, Kitonga ndiyo mtihani. Uko nyuma ya lori, mwendo mdogo, gia kubwa, mguu umekandamiza mafuta na injini imeshapata moto. Masharti yote ya kugonga yamekutana pale. Dawa ya kwanza ni ya bure: shusha gia, injini izunguke haraka zaidi bila kukamiwa.

Ukishafika juu mambo yanabadilika. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Kilolo zimepita hapo. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 16 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, mbano ndani ya silinda unapungua, kwa hiyo inahitaji okteni NDOGO kuliko ikiwa Kariakoo. Ndiyo maana Denver kule Marekani, mji wa mita 1,600, sheli zimezoea kuuza petroli ya 85 wakati sehemu nyingine nyingi za nchi hiyo zinaanzia 87. Kwa hiyo mdau wa Kilolo mwenye IST anayenunua busta ananunua kitu ambacho mlima wenyewe umeshampa.

Isitoshe, gari hizi za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya kwao. Kiwango cha petroli ya kawaida kule ni kuanzia RON 89, na ile ya juu ni kuanzia 96, ingawa nyingi inauzwa ikiwa karibu 100. Vitz, IST, Passo na Corolla nyingi zinakunywa ile ya kawaida. Ndugu zangu wenye Impreza WRX STI, Lancer Evolution au Altezza yenye injini ya 3S-GE, ninyi ni habari nyingine. Fungua kifuniko cha tenki, piga picha kibandiko cha Kijapani, simu itakutafsiria.

Turbo haidanganywi na mlima. Kazi yake ni kusukuma hewa mpaka ifikie mgandamizo uliopangwa, na hewa ikiwa nyepesi inazunguka kwa nguvu zaidi na kuipasha hewa hiyo joto. Gari likigonga, sensa inaiambia kontroboksi, nayo inachelewesha cheche. Unapoteza nguvu lakini injini inapona. Busta nzuri inakurudishia nguvu ILIYOPOTEA, haikupi mpya. Hatari ni kwa aliyechezea kontroboksi ili turbo isukume zaidi. Huyo sensa inaweza isimuwahi, na pistoni inatoboka au kupasuka. Bei ya injini mnaijua.

Kichupa chenyewe kina nini? Vingi vina kemikali za manganizi au za chuma. Hizo zinafanya kazi kweli, ila zikizidi zinaacha utando mwekundu kama kutu kwenye plagi na cheche inaanza kukosa. Na hapa kuna mchezo wa maneno: "inaongeza pointi 30" maana yake siyo kutoka 93 hadi 123. Pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo unafika 96, tena kama umefuata kipimo cha lita kilichoandikwa. Ethanoli nayo ina okteni kubwa, RON kama 108. Lakini msije mkaleta ulanzi kwenye tenki, ule ni maji mengi!

Zamani kazi hii ilifanywa na risasi, baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia kugonga. Ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kwenye petroli ya magari kuingia 2006, na Algeria ikafunga hesabu ya dunia nzima mwaka 2021. Petroli ya ndege ndogo bado inayo, kwa hiyo anayekuuzia hiyo "ya uwanja wa ndege" anakuulia sensa ya moshi na kuwapulizia risasi watoto wa mtaani kwako.

Tatizo letu kubwa zaidi linaitwa kuchakachua. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na kiasi kidogo tu kinaishusha petroli nzima. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huu. Lakini wese la kwenye chupa za maji huko vijijini, mbali na lami, nani analipima? Likiwa limechanganywa, kichupa chako cha busta kinapambana na ndoo.

Kwa hiyo mwenye turbo anayepandisha Kilolo: jaza tenki Iringa mjini kwenye sheli yenye wateja wengi, chukua risiti, na kama umelazimika kununua la chupa njiani, endesha kwa upole bila kuiamsha turbo mpaka tenki liishe. Ukisikia kokoto, achia mafuta hapo hapo.