Manowari ya Plastiki: Kutoka Berkeley hadi Kallisto

Bomu lililotegwa chini ya bahari si lazima liguswe ili lilipuke. Liko linaloingojea sumaku ya chuma cha meli ipitayo, na liko linalosikiliza mvumo wa mashine zake. Kwa sababu hiyo Waingereza, walipounda manowari za kusaka mabomu za aina ya Hunt, waliacha chuma, wakazijenga kwa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo.

Mojawapo ni HMS Berkeley, iliyoundwa Southampton na kampuni ya Vosper Thornycroft na kushushwa majini mwaka 1986. Jina lake si la jemadari wala la vita, bali la kundi la wawindaji wa mbweha. Ndivyo zilivyoitwa manowari zote za aina hiyo. Si jina baya kwa chombo cha kuwinda. Urefu wake ni mita 60, na uzito tani 750 hivi.

Kazi yake haitaki pupa. Meli hujongea polepole, sona ikipeleka sauti chini na kupokea mwangwi. Penye shaka hushushwa chombo kidogo kisicho na mtu, kiongozwacho kwa waya, kikatazame kwa kamera na kuweka baruti kando ya bomu. Pengine huzama mpiga mbizi, naye hukabiliana na bomu hilo gizani. Askari wa nchi kavu anayedhani kuwa huo si ushujaa, kwa kuwa hausikiki mzinga ukinguruma, na ashuke yeye.

Mwaka 2001 Uingereza iliiuza meli hiyo kwa Ugiriki, kama ilivyomuuza mwenzake Bicester mwaka uliotangulia. Wagiriki wakaiita Kallisto, jina la binti wa ngano zao za kale. Nchi yenye visiwa vingi namna ile haithubutu kupuuza usalama wa njia zake za bahari.

Asubuhi ya tarehe 27 Oktoba, 2020, karibu na bandari ya Piraeus, meli ya makontena Maersk Launceston, yenye urefu wa zaidi ya mita 260, iliikumba Kallisto na kuikata tezi yote. Plastiki iliyokusudiwa kulihadaa bomu haikuwa kinga mbele ya omo ya chuma. Hata hivyo sehemu ya mbele ilielea. Mabaharia wote 27 waliokolewa, wawili wakiwa na majeraha madogo. Nahodha wa meli ya makontena alikamatwa, nayo Kallisto, imeinama na maji yameiingia, ikavutwa hadi kituo cha wanamaji cha Salamis.