Choroa wa Arabuni na sanduku la ami

Wahenga walituambia tembea uone. Lakini si kila mtu aliyejaaliwa nauli, wala si kila mama aliyekubali mwanawe apande jahazi. Kwa sisi tuliobaki nyumbani Mombasa kulikuwa na njia nyingine ya kuiona dunia, nayo ni majarida.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na sanduku la mbao lililojaa majarida hayo. Aliyapokea kwa posta, na alilolipenda kuliko yote ni Aramco World. Likimfikia, hulichukua barazani baada ya sala ya alasiri, akafunua ukurasa mmoja mmoja bila haraka, nasi watoto tukamzunguka kama nyuki kwenye kipande cha halua.

Msomaji huenda akauliza, ni jarida gani hilo? Aramco World lilianza mwaka 1949 kama karatasi ya habari za wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Arabuni, ili walioko New York wajue ya wenzao walioko Saudia. Polepole likaacha mambo ya ofisini, likawa jarida la kueleza nchi za Kiarabu na za Kiislamu, watu wake, ardhi yake na wanyama wake. Mwaka 1964 ofisi yake ilihamia Beirut. Vita vya Lebanon vilipozuka mwaka 1975 ikabidi lihame tena, na hatimaye likaenda Marekani. Wasomaji hawakulipa hata senti moja, gharama yote ilikuwa juu ya kampuni. Jambo hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

NCHI KATIKA KARATASI

Humo ndimo nilimoiona Shibam ya Hadhramaut, mji wa nyumba za udongo zilizopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, zimesongamana katikati ya bonde kama watu waliosimama safu moja. Kwetu haikuwa picha ya nchi ya mbali. Masharifu wangapi wa Lamu na Mombasa asili yao ni Hadhramaut! Mzee mmoja alipoiona aliligusa karatasi kwa kidole, kisha akanyamaza.

Mwaka 1985 jarida lilitoa habari ndefu juu ya Waislamu wa China. Tukastaajabu kusikia habari za msikiti wa Xi'an, wenye mapaa yaliyopinda ncha kama majumba ya Kichina na mnara usiofanana hata kidogo na minara yetu, na ndani yake watu wanaelekea Makka kama sisi. Kwa hakika siku hiyo nilijifunza zaidi ya niliyofunzwa shuleni kwa muhula mzima.

Lakini picha iliyonikaa moyoni kuliko zote ilikuwa ya mnyama. Alisimama peke yake jangwani. Mwili mweupe kama kanzu ya Idi, miguu ya rangi ya kahawa, na pembe mbili ndefu nyembamba zilizonyooka kama mikuki. Alikuwa choroa wa Arabuni.

SWALI LA NAHODHA

Jioni hiyo barazani alikuwapo mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi, aliyefika Sur na Maskati mara nyingi katika ujana wake. Alilichukua jarida, akalisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Huyu Waarabu humwita maha," alisema. "Washairi wao huwasifu wanawake kwa macho yake, ndiyo maana mabinti hupewa jina la Maha. Lakini hapa yuko peke yake. Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe gani, Nahodha?" ami akamwuliza.

"Kila mnyama wa nyika ana watu wake, bwana. Picha isiyo na watu wake ni kama nyumba isiyo na mlango. Waitazama, lakini huingii."

Wazee wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Mimi swali lile lilinifuata hata nikawa mtu mzima, na jawabu lake nililipata kidogo kidogo kwa kusoma huku na huku.

Wenyewe ni Waharasis. Ni kabila dogo la Oman lenye lugha yake, mbali na Kiarabu, na makao yao ni Jiddat al-Harasis, uwanda mkubwa wa changarawe usio na mto wala chemchemi. Tangu zamani waliishi kwa maziwa ya mbuzi na ngamia. Usiku ukungu huingia kutoka Bahari ya Arabu, ukaacha umande juu ya majani, na choroa hula majani hayo na kukata kiu kwayo. Kwa hiyo mtu na mnyama waliishi kwa riziki moja nyembamba.

Zamani mwindaji alikwenda kwa ngamia, akataabika siku nyingi, akirudi na choroa mmoja amshukuru Mola wake. Zilipoingia motokaa na bunduki za kisasa, mambo yaligeuka. Watu walifuata makundi kwa magari, wakaua bila hesabu. Mwaka 1972 wale wa mwisho waliobaki porini waliuawa katika uwanda huo huo wa Waharasis. Tangu siku hiyo hapakuwa na choroa hata mmoja aliye huru Arabuni.

NJIA ILIYOPITA KENYA

Lakini miaka kumi nyuma, watu wenye kuona mbali walikwisha kuchukua hadhari, na hapa nchi yetu iliingia katika hadithi. Mwaka 1962 Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa pori ya Kenya, aliongoza msafara hadi mashariki ya Himaya ya Aden, nchi ambayo leo ni Yemen. Wakakamata choroa wanne. Mmoja akafa, watatu wakaletwa Kenya na kuwekwa Isiolo kwa muda. Kisha wakapelekwa Phoenix, Arizona, mahali penye joto na ukavu kama kwao. Wakaongezewa wengine kutoka London, Kuwait na Saudia, wakawa tisa.

Tisa hao wakazaa. Mwezi wa Januari 1982, choroa kumi waliachiliwa huru Yalooni, katika Jiddat al-Harasis. Walinzi wao walikuwa nani? Waharasis! Watu waliozijua nyayo zao waliajiriwa kuwafuata na kuwalinda usiku na mchana. Ndipo nilipomkumbuka nahodha. Picha ilikuwa imepata mlango.

Mwaka 1994 shirika la UNESCO lilitia hifadhi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Ilipofika mwaka 1996 choroa walikuwa kiasi cha 450.

SIFA PEKE YAKE HAZITOSHI

Laiti hadithi ingeishia hapo. Wezi walianza kuja, na safari hii hawakutaka nyama. Walimtaka mnyama mwenyewe, akiwa hai, wamwuzie tajiri mwenye kupenda kufuga vitu adimu. Yaani uzuri ule ule uliotufanya tumsifu barazani ndio uliomfanya awe bidhaa. Ilipofika mwaka 2007 walibaki 65 tu. Mwaka huo huo serikali ilikuwa imepunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, ili mafuta yatafutwe humo. UNESCO ikaifuta hifadhi katika orodha yake, na hapo palikuwa mahali pa kwanza ulimwenguni kufutwa.

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Jarida la ami lilikuja bure kwa sababu mafuta yalililipia. Silisemi kulitia hatia, maana kampuni hiyo haikuhusika na hifadhi ya Oman, na mimi nina deni kwa jarida hilo lisilolipika. Nasema tu kwamba mwenye kusoma asome kwa macho mawili. Jicho moja lifurahie nchi nzuri na wanyama wazuri. La pili liulize nani anawachunga, nani anafaidika, na kesho itakuwaje.

Isitoshe, sisi Waislamu hatuwezi kudai kuwa hatukufunzwa. Kila aliyekwenda Hija anajua kwamba akiwa katika ihramu ni haramu kuwinda mnyama wa nchi kavu, na kwamba katika Haramu ya Makka mnyama hafukuzwi. Mtu anayeacha bunduki kwa siku chache kwa kumcha Mungu, je, ni vyema airudie siku ya pili kana kwamba amri ilikuwa ya nguo nyeupe tu?

Alhamdulillahi, choroa hakupotea. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamezidi 1,000 porini katika nchi mbalimbali, na wataalamu wakampunguzia daraja ya hatari. Saudia nayo iliwaachilia choroa kuanzia mwaka 1995 huko Uruq Bani Ma'arid, ukingoni mwa jangwa la Rub al-Khali. Mwaka 2023 mahali hapo pakaingizwa katika orodha ile ile ya urithi wa dunia ambayo hifadhi ya Oman ilifutwa.

Nahodha na ami wote wametangulia mbele ya haki. Sanduku ninalo mimi. Mchwa wamekula nusu ya majarida, lakini ukurasa wa choroa umebaki mzima, umegeuka tu rangi ya samli. Wajukuu wangu hawauhitaji, maana wanamwona mnyama huyo katika simu akitembea na kugeuza shingo. Siwakatazi. Ila kila wanaponionyesha, huwauliza lile swali la barazani: wenyewe wako wapi?

Juzi mmoja wao, mwenye umri wa miaka tisa, hakungoja niulize. "Babu," aliniambia, "nimetafuta. Huyu analindwa."