Bibi Arusi wa Banissa Avae Nini?

Aghalabu maswali ninayoulizwa na walimu wenzangu huwa ya ngeli, insha na mitihani. Juzi nimepata la aina nyingine. Mwalimu mmoja wa kike niliyepata kufanya kazi naye huko Banissa, magharibi mwa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, ameniandikia kwamba anaolewa, na kwamba nyumba nzima imegawanyika kwa sababu ya nguo. Mashoga zake wanataka avae gauni jeupe la Kizungu, lenye kiuno kilichobanwa na mkia wa kuburura. Shangazi yake hataki kusikia jingine ila dirac. "Mwalimu," ameniuliza, "ipi itanipendeza?"

Tuanze na hilo gauni. Wako wanaodhani kwamba weupe wa arusi ni desturi ya tangu na tangu. La hasha! Hata huko Uingereza mabibi arusi walivaa nguo zao nzuri za rangi mbalimbali, mpaka Malkia Victoria alipoolewa mwezi wa Februari 1840 akiwa amevaa hariri nyeupe yenye lesi. Wenye uwezo wakamwiga, na walioiga wakaigwa. Mkia nao huonekana vizuri pale bibi arusi anapopita katikati ya kanisa, watu wameketi pande zote mbili. Banissa ndoa hufungwa na shekhe mbele ya wanaume, walii akisimama kwa niaba ya binti, na huenda bibi arusi mwenyewe asiwepo hapo kabisa. Pambo lake hutazamwa baadaye, katika mkusanyiko wa wanawake, kwa nyimbo na vigelegele. Mkia huo basi utaburura wapi, isipokuwa katika vumbi?

Dirac ni jambo tofauti. Ni vazi pana la kitambaa chepesi, binamu wa dera letu la kila siku, linaloning'inia kutoka mabegani hadi miguuni. Ndani yake huvaliwa gorgorad, yaani gagulo la kung'aa ambalo pindo lake huachwa lichungulie, na juu hutupwa garbasaar, shali inayooana na vazi. Uzuri wake ni kwamba haliukati mwili vipande viwili. Mwanamke mwembamba, kama huyu mwenzangu, hupata umbo kutokana na mikunjo. Mnene naye habanwi wala hahesabiwi mbavu. Mwenye kimo kifupi achague maua madogo au nakshi inayoshuka wima, kwani mapambo mapana ya kukingama humzidishia ufupi. Na kwa macho yangu, rangi ya dhahabu, nyekundu au kijani iliyokoza huing'arisha ngozi nyeusi na hina iliyo mikononi kuliko weupe wa chaki.

Iko pia guntiino, shuka refu lifungwalo fundo kwenye bega moja na kuzungushwa kiunoni. Zamani lilishonwa kwa alindi, kitambaa kilichofumwa kwa mkono katika pwani ya Benadir. Walimu wa historia watakumbuka kwamba Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alivisifu vitambaa vya mji huo, vilivyouzwa hadi Misri. Karne ya 19 ikaja merikani, na wafumaji wakapata pigo. Nashangaa kwamba twawafundisha wanafunzi habari hizi darasani, kisha arusi ikifika twaona haya kuzivaa.

Siwadharau mashoga hao. Gauni jeupe kwao ni ushahidi kwamba binti amesoma na ameiona dunia, na wanafunzi wake wa kike watamtazama. Lakini nakumbuka mwalimu mwingine aliyekodi gauni kama hilo katika duka moja la jijini. Lilisafiri kwa basi siku mbili, likafika limempwaya kifuani na kumbana mikononi, likashikizwa kwa pini usiku kucha. Aliporudisha, pindo lina vumbi, arbuni yake ikazuiliwa. Mkopo alioutwaa kwa ajili hiyo alikuwa bado anaulipa wakati mwanawe wa kwanza anatambaa. Dirac ingebaki sandukuni, akaivaa Idi na arusi za wengine.

Nilimjibu mwenzangu kwamba mvaaji ni yeye, si mimi mwanamume niliye mbali. Azijaribu zote mbili, aketi mkekani, ainue mikono apige makofi, acheze, ale pilau; ile atakayosahau kwamba ameivaa ndiyo iliyomkaa. Na kama moyo wake umeshikwa na weupe, dirac nyeupe yenye nakshi ya dhahabu hupatikana vilevile.

Jana imeletwa barua yake fupi. Shangazi amekwisha nunua kitambaa, chekundu, na mashoga wamenuna. Yeye anaomba nimwelezee mama yake, kwa upole, kwamba gorgorad mbili kwa joto la Banissa ni nyingi.