Shamba la Mshunami: Biblia inasemaje kwa aliyerejea na kwa aliyekuwapo?

Na Mwandishi Wetu, Nyanza-Lac

KATIKA makanisa mengi ya kusini mwa Burundi, kuanzia Rumonge hadi hapa Nyanza-Lac, hakuna habari ya Agano la Kale tunayoipenda sisi tuliorejea kutoka Tanzania kama ile ya mwanamke wa Shunemu. Imo katika 2 Wafalme sura ya 8, nayo ni mistari sita tu. Mama huyo aliambiwa na nabii Elisha aondoke na jamaa yake kwa sababu ya njaa, akaenda kukaa katika nchi ya Wafilisti miaka saba. Aliporudi ilimbidi aende kumlilia mfalme juu ya nyumba na shamba lake. Mfalme akamweka ofisa kusimamia jambo hilo, mama arudishiwe vyote, pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku aliyoondoka.

Ndugu msomaji, kwa mtu ambaye wazazi wake walikimbia mwaka 1972, miaka saba ya Mshunami ni kama safari ya sokoni. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, nikasoma kwa mtaala wa Tanzania, na niliporudi mwaka 2008 ilikuwa imepita miaka 36 tangu baba aache shamba lake. Ndiyo maana mhubiri akiifungua sura hiyo, upande wa abahungutse, yaani sisi tuliorudi, utasikia "Amina" inayotikisa mabati.

Lakini upande wa pili wa kanisa hukaa abasangwa, wale tuliowakuta. Nao wana sura yao, Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombania malisho, Abramu akasema sisi ni ndugu, akamwachia Lutu achague kwanza. Mahubiri ya sura hii ni mazuri sana, na kwa kawaida humalizika kwa kumwomba mrejea awe Abramu. Sijasikia hata siku moja yakimalizika kwa kumwomba aliyekaa juu ya shamba awe Abramu.

Hapo ndipo penye tatizo ninalotaka tulizungumze. Kila mmoja wetu anaifahamu vizuri sura inayomwamuru jirani yake, na ile inayomwamuru yeye mwenyewe huiruka.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Baada ya mauaji ya 1972 ardhi ya waliokimbia haikukaa bure. Baadhi ilichukuliwa na majirani, nyingine ikagawiwa na serikali ya wakati ule, nyingine ikauzwa na kuuzwa tena. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa juu ya ardhi miaka 30. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 kwa upande wake ukasema mkimbizi anayerudi ana haki ya kurudishiwa mali yake, na hasa ardhi. Kwa hiyo mrejea alikuja na mkataba mkononi, na mkazi akatoa sheria yake mfukoni, wote wawili wakiwa na karatasi halali. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006. Miaka ya kwanza ilishauri watu wagawane, na kuanzia 2011 ikaelekea zaidi kumrudishia mrejea yote. Mwaka 2014 ikaundwa na mahakama maalumu. Muda wa tume ulikoma mwaka 2022, lakini magomvi hayakukoma nao.

Sasa turudi kwenye Biblia, maana ina mengi zaidi ya sura mbili tunazopigiana. Mambo ya Walawi 25 inazungumzia mwaka wa hamsini, ambapo shamba linarudi kwa mwenyewe. Warejea tunaipenda sura hiyo, ila mstari wa 27 hatuufikii. Unasema mtu anayelikomboa shamba lake ahesabu miaka, kisha amrudishie yule mnunuzi kiasi kilichobaki. Yaani hata pale ambapo haki ya mwenye shamba haina ubishi, aliyelima kwa nia njema hafukuzwi mikono mitupu.

Na kwa wakazi wanaosema "mimi nina karatasi yenye muhuri", nawaomba wasome 1 Wafalme 21. Barua zilizompokonya Nabothi shamba la mizabibu, na uhai wake, zilikuwa na muhuri wa mfalme. Yezebeli alifuata utaratibu wote wa ofisi. Mtu anayejua kwamba shamba alilipata kwa sababu mwenyewe aliuawa au alikimbizwa kwa panga, huyo asijifiche nyuma ya Abramu na Lutu. Namtenga kabisa na yule aliyenunua bila kujua.

Kwetu, shamba la marehemu baba lilikuwa na mzee aliyepewa na ofisi moja mwaka 1974. Hakumfukuza mtu. Alikuta vichaka, akapanda michikichi, watoto wake wanane wakazaliwa hapo. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki Mishamo na kuchukua uraia wa Tanzania, alituma ujumbe: Mshunami alirudishiwa yote, nasi tudai yote. Mama, aliyeondoka hapo akiwa amembeba huyo kaka mgongoni, alitaka kwanza kukaa na mzee. Walikaa siku tatu. Mzee alikuwa na Biblia ya Kirundi na mimi ya Kiswahili, tukawa tunalinganisha mistari kama wanafunzi wa darasa la sita. Mzee akaniambia, "Mwalimu, huyu mama wa Shunemu hawasemi aliyekuwa shambani mwake alikwenda wapi." Ni kweli, hawasemi. Nimesoma mistari ile mara nyingi na sijapata jibu la kumpa.

Tuligawana nusu kwa nusu mbele ya bashingantahe. Michikichi iliyoangukia upande wetu, mzee aliendelea kuivuna misimu mitatu, kwa kuwa ndiye aliyeipanda. Hilo tulilitoa moja kwa moja katika ule mstari wa 27. Mpaka tukaupanda minyaa.

Msomaji asidhani yaliishia hapo. Kaka hadi leo anasema tulidanganywa, na mzee alipofariki mwanawe mmoja alikana makubaliano. Mwaka juzi minyaa iling'olewa usiku, na kesi iko mbele ya wazee. Jumapili tunakaa kanisa moja. Mathayo 5 inamtaka mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, na sasa hivi kanisani kwetu, kama sadaka zingeachwa kweli, meza ingejaa.

Nusu shamba haitoshi familia, kwa hiyo wengi wetu tumeingia kwenye biashara ya mpakani, Mugina kwenda Manyovu na kurudi. Huko nako tumeibeba tabia ile ile. Mchuuzi anakwenda kwa mama anayekamua mawese akiwa na dumu lililotanuliwa kwa maji ya moto. Linaitwa la lita 20, lakini ukilipima linazidi. Akifika sokoni kuuza, anatoa kopo lililobonyezwa kitako. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani katika mfuko wake, kubwa na dogo. Naam, ni dumu na kopo hivyo hivyo! Nabii Amosi, sura ya 8, aliwataja wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Walikuwa watu wa ibada, maana asiyeshika sabato hana haja ya kuingoja iishe.

Tanzania imepiga marufuku lumbesa, na Wakala wa Vipimo huwakamata wanaojaza magunia kupita kiasi. Lakini askari wa vipimo hafiki kwenye kinu cha mawese kilicho bondeni. Hapo amebaki mchuuzi na mama mkamuaji, na mara nyingi wanajuana kwa kwaya. Kinachoniudhi zaidi ni kusikia mchuuzi mrejea akijitetea kwamba naye alidhulumiwa shamba, kana kwamba yule mama ndiye aliyelichukua.

Mama mmoja wa soko letu amechora alama ya lita 20 kwa msumari kwenye dumu lake, na kila anayenunua kwake au kumuuzia anaonyeshwa alama hiyo kwanza. Anasema faida imepungua kidogo, hasa wakati wa kiangazi, na wenzake wanamwita "mchungaji" kwa kumcheka. Wachungaji wenyewe, wanaopokea fungu la kumi la mawese kila mwisho wa mwezi, sijamsikia hata mmoja akiuliza dumu lilikuwa la lita ngapi.