Presha ya Kate haisubiri gari la Sumbawanga

Mfipa wa upande wa Sumbawanga akifika Dar es Salaam hajamaliza kutaja kwao, tayari kuna mtu anamuuliza kama kaja kwa basi au kwa ungo wa wachawi. Utani huu umezoeleka kiasi kwamba wengi wameacha kuujibu. Ila likija suala la kiharusi, mtu wa kijijini anayetaniwa ana haki ya kucheka mwisho. Mwaka 2008 mtafiti Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha namna watu wa Dar es Salaam na wanavijiji wa Hai, Kilimanjaro, wanavyoeleza chanzo cha kiharusi. Waliotaja zaidi majini na uchawi walikuwa watu wa jijini. Wale wa kijijini walielekea kutaja mambo ya mwili, presha ikiwamo.

Kwa nini iwe hivyo? Nina dhana yangu. Hai ni wilaya ambayo tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakipima watu na kuandika vifo na sababu zake. Mtu aliyewahi kuvishwa mkononi kitambaa cha kupimia presha nyumbani kwake, akatajiwa namba yake mbele ya mkewe na watoto, huwa na jambo la kusema siku jirani akianguka. Asiyewahi kupimwa atakwenda na maelezo yaliyopo, na maelezo ya uchawi hayajawahi kuadimika Tanzania, mjini wala shamba.

Ndiyo maana nikiangalia Kate, kule wilayani Nkasi juu ya uwanda wa Ufipa, hainisumbui sana kama watu wanaamini uchawi au hawaamini. Kinachonisumbua ni nani wa kuwapima presha, wapi, na mara ngapi kwa mwaka.

Presha ya juu ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, nayo haina adabu ya kubisha hodi. Watu husema, "Mimi presha yangu ikipanda naisikia, kisogo kinagonga." Wachache huisikia kweli, wengi hawasikii chochote mpaka siku mdomo unapokwenda upande na mkono unapokataa kushika kikombe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, Hai, ulikuta karibu theluthi ya watu wazima wana presha ya juu. Katika hao, aliyejua hali yake hakufika hata mmoja kati ya watano. Mmoja kati ya kumi alikuwa kwenye dawa. Waliokuwa wameidhibiti hawakutimia mmoja kwa mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 nao ulikuta presha ya juu kwa asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Matokeo yake yalihesabiwa. Kati ya 2003 na 2006, mradi wa kuhesabu kiharusi katika Hai na Dar es Salaam, ulioongozwa na Profesa Richard Walker, ulionyesha kwamba ukisawazisha umri wa watu, Dar es Salaam ilipata wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 109. Kiwango cha Dar kilipita cha nchi nyingi tajiri. Na wale wa Hai waliofuatiliwa baada ya kuugua, asilimia 60 walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitatu.

Sasa weka namba hizo kwenye barabara zetu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo ina dirisha la saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba mshipa umeziba, haukupasuka. Mgonjwa wa Kate anaanza kwa kutafuta usafiri, kisha Sumbawanga, na akipewa rufaa ya kanda ni Mbeya, kilomita zaidi ya 300 kutoka Sumbawanga kupitia Tunduma. Hesabu haifungi. Kwa hiyo tiba ya maana ya kiharusi kwa mtu wa Kate ni ile inayofanyika miaka kumi kabla, jikoni kwake na kwenye kikao cha jirani zake.

Uwanda huu na pwani ya Ziwa Tanganyika iliyo karibu nao si wageni wa tabibu anayeishi na watu wake. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa pwani ile, akiwa pia katekista, hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Sumbawanga yenye jina lake inamkumbusha kila anayepita getini. Alitibu akiwa mtu wa pale pale: alioa huko, akazeekea huko, na wagonjwa wake walikuwa majirani zake.

Kate nayo ni nchi ya misheni, na mtandao wa kuwafikia watu upo tayari: jumuiya ndogo ndogo. Kaya chache zinazokutana kila wiki kusali, zinazojua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hajaonekana. Ongeza vicoba, vikundi vya kuweka na kukopa, ambako kila mwanachama ana daftari na zamu. Ukitaka watu wa kukumbushana dawa, huna haja ya kuunda kamati mpya ya mradi yenye fulana na bango. Wapo, wanakutana, na wanaaminiana kiasi cha kukopeshana fedha.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika kumi, lakini ina masharti, na hapa ndipo wengi huharibu. Mama aliyepanda kilima na mtoto mgongoni asipimwe akiwa anahema. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kuipandanisha, dakika tano kimya. Kama ana haja ndogo, aende kwanza. Kitambaa kifungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta, na Wafipa kwa baridi ya Juni wanavaa sweta mbili. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Asiongee wala asiongeleshwe, hata kama shemeji kaingia na habari za mjini. Ipimwe mara mbili, ziandikwe zote. Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla ya kuambiwa ana presha. Ya juu ikifika 180, au ya chini 110, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Kisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kwenye nchi tajiri chumvi nyingi huingia kiwandani, kwenye mikate na vyakula vya makopo, na mlaji hana la kufanya. Kijijini chumvi inatoka mkononi mwa mpishi: kwenye maharage, kwenye mboga, kwenye samaki aliyekaushwa kwa chumvi, na siku hizi kwenye vile vidonge vya kukolezea mchuzi ambavyo mtu anaviongeza bila kupunguza chumvi ya kawaida. Hili ni tatizo na pia ni bahati, kwa sababu kinachotoka mkononi mwa mpishi, mpishi mwenyewe anaweza kukipunguza bila kibali cha mtu. Kinachotakiwa ni baba mwenye nyumba aache kuagiza kikopo cha chumvi mezani kabla hajaonja.

Wachina walijaribu njia nyingine. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kuugua kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi na presha, walifuatiliwa karibu miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Matokeo yalitoka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 katika vijiji hivyo. Chumvi ya namna hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, lakini somo la jikoni linabaki.

Kwa upande wa kupima, huko Bangladesh, Pakistani na Sri Lanka, kwenye jamii 30 za vijijini, wahudumu wa afya wa jamii walipewa kazi ya kwenda majumbani kupima presha na kushauri, wakiunganishwa na daktari. Baada ya miaka miwili, presha ya wagonjwa wao ilikuwa imeshuka kwa pointi 5 zaidi ya wengine. Pointi 5 zinaonekana kidogo kwa mtu mmoja. Kwa wilaya nzima, ni watu wengi ambao hawataanguka.

Tanzania imeshaanza upande huo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kufikisha zaidi ya 137,000 nchini. Ni hatua nzuri, ila naogopa jambo moja: mhudumu apewe begi na fulana, halafu mgonjwa aliyemshauri afike zahanati aambiwe amlodipini, dawa yake ya presha, imeisha. Kijiji kujisimamia si kuachiwa peke yake. Mwanajumuiya anaweza kumuuliza jirani, "Mama, umemeza?" lakini hawezi kumtengenezea dawa. Na dawa ya presha humezwa kila siku, hata mtu akijisikia mzima kabisa, maana kujisikia mzima hakumaanishi presha imeshuka. Ikikosekana wiki mbili, mtu ataazima vidonge vya jirani, na wote wawili wapate hasara, au ataacha kabisa.

Kuna mfano wa karibu ambao sioni kwa nini tusiuige. Wagonjwa wa VVU walio imara hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa safari moja. Mgonjwa wa presha, ambaye dawa yake ni nafuu zaidi, mara nyingi hupewa ya mwezi mmoja, na kwa mkulima wa mahindi safari kumi na mbili kwa mwaka ni siku kumi na mbili nje ya shamba, nyingine zikiangukia msimu wa palizi. Mwenye bima ya afya ameshalipia huduma hiyo. Kilichobaki ni dawa kuwepo stoo.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine ya kupimia kwa fedha za vicoba, wana Kate wana swali la kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu, na mganga wa zahanati awepo kujibu: katika robo iliyopita, dawa ya presha ilikosekana siku ngapi, na oda inayofuata imeagizwa kwa wagonjwa wangapi?